Kabla Hujalipia Gari Mkononi mwa Mtu, Soma Jina Lililo Kwenye Kadi

Mahindi yanapokauka na magunia kuanza kupanda kwenye mizani ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), fedha huingia Ufipa kwa mkupuo. Hayo ndiyo majira ambayo mkulima wa Laela, Mpui au Matai, aliyezoea kukodi Canter ya jirani kupeleka mzigo Sumbawanga mjini, hukaa chini kupiga hesabu ya kununua gari la kwake. Wapo wanaoagiza Japani. Wengine hununua mkononi mwa mtu: Noah ya mtumishi anayehama kituo, Probox iliyoegeshwa gereji ikiwa na karatasi ya "INAUZWA" kwenye kioo, Fuso iliyopandishwa kutoka Tunduma.

Biashara hiyo aghalabu humalizwa siku moja. Fedha zinahesabiwa, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, funguo na kadi vinatoka mkono huu kwenda mkono ule. Kadi yenyewe inabaki na jina la mtu ambaye mnunuzi hajawahi kumwona. Kisha, miezi kadhaa baadaye, mgeni anasimama getini akidai gari ni lake, na pengine ameongozana na askari.

Mwongozo huu unamhusu mnunuzi huyo kabla hajafika hapo, na hata akiwa tayari amefika. Jambo moja ndilo linalobeba mengine yote: fungu la mwisho la fedha lisitoke mfukoni kabla jina halijabadilika kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Kwa nini kadi mkononi haitoshi

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ilitungwa enzi za Waingereza kwa kufuata sheria yao ya mwaka 1893. Msingi wake ni mwepesi kueleweka: mtu hawezi kukuuzia zaidi ya haki aliyonayo. Mwizi hana haki, hivyo hata ukimlipa bei kamili, mbele ya mashahidi kumi, kwa nia safi kabisa, gari linabaki la yule aliyeibiwa. Zipo nafasi chache ambazo sheria humlinda mnunuzi asiyejua hila, kwa mfano pale mwenye mali mwenyewe alipokubali kuliuza kwa kudanganywa na mauzo hayo hayajabatilishwa. Hakuna anayepaswa kununua gari akizitegemea nafasi hizo.

Kesi inayofundishwa mpaka leo kuhusu jambo hili iliamuliwa Uingereza mwaka 1923, nayo hujulikana kama Rowland dhidi ya Divall. Mfanyabiashara wa magari, Rowland, alinunua gari kwa pauni 334, akalipaka rangi, akamuuzia kanali mmoja wa jeshi kwa pauni 400. Miezi kama minne tangu alinunue, polisi walilichukua, kwa kuwa liliibwa kabla ya kumfikia hata yule aliyemuuzia mfanyabiashara huyo, ambaye naye hakujua. Mfanyabiashara alimrudishia kanali fedha zake, akamshtaki aliyemuuzia. Jaji wa kwanza alimkatalia, kwa hoja kwamba gari lilikuwa limekwisha kutumika miezi yote hiyo. Mahakama ya Rufani ikatengua na kuamuru arudishiwe pauni 334 zote, bila kukatwa chochote kwa matumizi, kwa sababu alicholipia ni umiliki na umiliki hakuupata hata siku moja.

Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, ila husomwa kwa uzito panapokuwa na sheria inayofanana. Mafunzo yake kwa mnunuzi wa Sumbawanga ni mawili. Kwanza, gari la wizi hurudi kwa mwenyewe. Pili, una haki ya kudai bei yako yote kwa aliyekuuzia, hata kama naye alidanganywa. Lakini Rowland alimjua aliyemuuzia na alijua pa kumpata. Aliyenunua kwa mtu aliyekutana naye kwa dalali, akamlipa taslimu, akabaki na namba ya simu isiyopatikana, atakuwa na haki hiyohiyo bila mtu wa kumdai.

Na kadi je? Kenya wameiandika wazi katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403: mwenye jina kwenye usajili huhesabiwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo, na gari lililouzwa halipaswi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Mahakama za Tanzania nazo huanzia kwenye jina lililosajiliwa kama ushahidi wa awali. Ushahidi huo unaweza kuvunjwa kwa mkataba, risiti na mashahidi, ila mzigo wa kuuvunja unamwangukia yule ambaye jina lake halimo. Anayeshika kadi ya mtu mwingine anaanza kesi akiwa nyuma.

Gari lililopita mikono mingi

Mgogoro wa namna hii Ufipa inauzalisha kwa sababu ya umbali. Gari husajiliwa Dar es Salaam, likauzwa Mbeya, likapandishwa Tunduma, likafuata lami ya zaidi ya kilomita 200 mpaka Sumbawanga, na kutoka hapo likateremka Namanyere au bondeni Muze na Mtowisa. Kila anayeuza anampa mwenzake kadi ileile yenye jina la yule wa Dar es Salaam, pamoja na ahadi kwamba "mwenyewe yupo, ukimpigia atakuja kusaini". Wa tano kununua hawezi kumpigia wa kwanza. Namba imebadilika, au mtu amefariki, au anataka alipwe tena ndipo asaini, na wakati mwingine anakana kabisa kwamba aliwahi kuuza.

Zamani kulikuwa na breki ndogo. Mpaka mwaka 2017 kila mwenye gari alilipia leseni ya barabara kila mwaka, na safari hiyo ilimkutanisha na kumbukumbu za TRA, hata kama alikwenda akinung'unika. Bajeti ya 2017/18 ilifuta ada hiyo ya kila mwaka na sehemu ya mapato yake ikahamishiwa kwenye mafuta. Wenye magari walipumua, na ni haki yao. Lakini tangu hapo gari linaweza kutembea miaka na miaka kwa jina la mtu asiyelijua lilipo.

Hatari ya mlolongo huu haiishii kwa mwizi. Fikiria mwenye jina kwenye kadi ameshindwa kesi ya deni huko aliko. Dalali wa mahakama anatafuta mali za kukamata, na kwenye kumbukumbu anakuta gari lako. Hukudaiwa na mtu, bei ulilipa yote, lakini gari linavutwa mbele ya macho yako.

Migogoro mingine inayonyemelea

*Kadi iliyowekwa rehani.* Hii inakua kwa kasi kadiri mikopo ya haraka, ile ambayo watu wameibatiza kausha damu, inavyofika mpaka vijijini. Mkopaji huacha kadi kwa mkopeshaji na kubaki na gari. Akikwama, huenda polisi kuripoti kwamba kadi imepotea, akaomba nyingine TRA, akauza gari kwa kadi hiyo mpya. Mnunuzi anaona kadi halali, jina sahihi na mtu sahihi. Mkopeshaji anajitokeza baadaye na kadi ya awali na mkataba wa mkopo. Kwa hiyo kadi iliyotolewa upya hivi karibuni, kwa gari la siku nyingi, ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

*Chombo cha mkataba.* Pikipiki nyingi, na sasa hata magari, huendeshwa kwa makubaliano kwamba dereva akimaliza hesabu kwa muda fulani chombo kinakuwa chake. Kabla hajamaliza, ni cha tajiri wake. Dereva anayekiuza katikati ya mkataba anauza mali ya mtu.

*Gari la marehemu.* Mwana mkubwa kukabidhiwa funguo na ukoo hakumpi mamlaka ya kuuza. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uthibitisho wake ni barua ya uteuzi. Muhtasari wa kikao cha familia ni hatua ya kwenda mahakamani kuomba uteuzi, haujawa uteuzi. Ukinunua kabla ya hapo, mjane au mdogo wa marehemu anaweza kulidai gari akiwa na haki kamili.

*Gari la wanandoa wanaogombana.* Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, mahakama inapovunja ndoa ina uwezo wa kugawa mali zilizochumwa pamoja, hata kama kadi ina jina la mmoja. Ukisikia gari linauzwa haraka na kwa bei ya kutupa katikati ya ugomvi wa nyumbani, omba mwenza aweke sahihi kama shahidi. Akikataa, liache.

*Gari ambalo ushuru wake haukulipwa.* Ufipa imepakana na Zambia kupitia Kasesya, na Tunduma ndiyo mlango wa magari yanayokwenda Zambia na Kongo. Gari linaloingia bandari ya Dar es Salaam kwa ajili ya kupita tu halijalipiwa ushuru wa Tanzania. Likigeuzwa njiani na kuuzwa huku, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu litaifishwe, bila kujali mnunuzi alilipa kiasi gani. Wajanja huchukua namba za gari jingine la aina ileile na kuzibandika. Gari la msamaha wa kodi, liwe la mradi au la taasisi ya dini, nalo haliuzwi kwa mtu wa kawaida kabla masuala ya kodi hayajamalizwa TRA.

Hatua kwa hatua kabla ya kulipa

1. Kutana na mwenye jina, uso kwa uso. Linganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho chake cha Taifa (NIDA), herufi kwa herufi. Kama anayeuza ni mwakilishi, dai hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili, kisha mpigie mwenye gari kwa namba uliyoipata mwenyewe, siyo aliyokupa dalali.

2. Soma namba ya chesisi kwenye chuma. Nenda na fundi unayemwamini, siyo wa muuzaji. Mwambie akuonyeshe namba ya chesisi kwenye bodi na namba iliyo kwenye injini, uziandike mwenyewe, ndipo uzilinganishe na kadi. Angalia kama bati limekwanguliwa, limechomelewa au limepakwa rangi mahali pamoja tu. Kama injini imebadilishwa, omba nyaraka za injini hiyo.

3. Nendeni pamoja ofisi ya TRA. Ombeni maelezo ya gari kwenye mfumo: jina la mmiliki, aina, rangi, mwaka, chesisi, na kama kuna zuio lolote. Muuzaji wa kweli hachukii safari hii. Anayetoa udhuru siku tatu mfululizo amekwisha kukujibu.

4. Angalia faini na bima. Faini za barabarani hufuata namba ya gari. Ziangalie kwenye tovuti ya Jeshi la Polisi, tms.tpf.go.tz. Bima ihakiki kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, tiramis.tira.go.tz. Jina la mwenye bima likiwa tofauti na la kadi, uliza sababu.

5. Kwa gari lenye historia ya nje, pita polisi. Kama lilitoka Zambia, Malawi au Afrika Kusini, omba ukaguzi wa polisi kabla ya kulipa. Interpol ina kanzidata ya magari yaliyoibwa katika nchi mbalimbali, na njia ya kuifikia ni kupitia polisi wa nchi yako.

6. Uliza wazi kuhusu mkopo, ndoa na mirathi. Majibu yaingie kwenye mkataba. Muuzaji anayeandika kwa mkono wake kwamba gari halina deni, halafu likawa nalo, amejifungia mlango wa kujitetea.

7. Andikeni mkataba kwa wakili. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji unasaidia kuonyesha kwamba watu walikutana na kupatana. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa mmiliki.

8. Lipa mafungu mawili, yote kwa benki. Toa sehemu baada ya kusaini mkataba na kushika kadi halisi. Bakiza kiasi cha kumuuma muuzaji akikiacha, mpaka uhamisho ukamilike. Kama anahofia utamkimbia, fedha hiyo ishikwe na wakili wenu kwa maandishi.

9. Hamisha jina mara moja. Uhamisho unahitaji namba ya mlipakodi (TIN) ya kila mmoja wenu, mkataba, kadi halisi na vitambulisho. Usikubali kauli ya "tutamalizia wiki ijayo" kutoka kwa mtu aliyekwisha kulipwa yote.

10. Kata bima kwa jina lako siku hiyohiyo. Ajali ikitokea huku bima ina jina la mmiliki wa zamani, utajikuta unabishana na kampuni ya bima badala ya kulipwa.

> KISANDUKU: MKATABA UWE NA HAYA
>
> ☐ Majina kamili ya pande zote, namba za NIDA, TIN, simu na makazi mpaka kitongoji
>
> ☐ Namba ya usajili, chesisi, injini, aina, rangi na mwaka wa gari
>
> ☐ Bei halisi, kiasi kilicholipwa, kilichobaki na tarehe yake
>
> ☐ Tamko la muuzaji kwamba yeye ndiye mmiliki na gari halina mkopo, kesi, mirathi wala deni la kodi
>
> ☐ Ahadi kwamba mtu wa tatu akilidai, muuzaji atarudisha bei yote pamoja na gharama
>
> ☐ Wajibu wa muuzaji kufika TRA, na tarehe ya mwisho
>
> ☐ Saa na tarehe ya kukabidhi gari
>
> ☐ Mashahidi wawili, mmoja kila upande, na mwenza wa muuzaji kama yupo
>
> ☐ Nakala mbili halisi, kila mmoja abaki na yake

Kuhusu bei, yapo mazoea yanayowaumiza wanunuzi kila siku. Gari la shilingi 9,000,000 linaandikwa 4,000,000 ili ushuru wa stempu upungue. Ushuru huo ni asilimia 1 ya thamani, hivyo kilichookolewa ni shilingi 50,000. Siku gari likichukuliwa na mnunuzi akienda mahakamani kudai fedha zake, mkataba wake mwenyewe unasema alilipa milioni nne. Milioni tano zimepotea kwa sahihi yake, mbali ya kosa la kudanganya mamlaka ya kodi. Mkataba ambao haukulipiwa stempu kabisa nao una shida yake: Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, inazuia usipokewe kama ushahidi mpaka ulipiwe.

> KISANDUKU: GHARAMA ZA KUHAMISHA JINA
>
> Kwa gari la shilingi 9,000,000:
>
> Ada ya uhamisho: 50,000 (pikipiki 27,000)
>
> Kadi mpya: 10,000
>
> Ushuru wa stempu, asilimia 1: 90,000
>
> Jumla: 150,000
>
> Viwango vya kodi huweza kubadilishwa na bajeti ya serikali ya kila mwaka. Pata hesabu ya siku hiyo TRA, na mkubaliane mapema nani analipa nini. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu, kamwe usimpe mtu taslimu "akusaidie".

Makosa yanayojirudia

Kutoa kishika uchumba kabla ya kuona kadi. Dalali atasema kuna mteja mwingine njiani kutoka Mpanda, mwache aje.

Kupokea nakala ya kadi kwa maelezo kwamba halisi "iko kwa ndugu Mbeya". Kadi halisi isiyo hapo iko mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo panadai.

Kukubali mkataba uliosainiwa na muuzaji pasipo jina la mnunuzi wala tarehe. Watu huupenda kwa sababu gari linaweza kuuzwa tena na tena bila kupita TRA. Ndio unaozaa ule mlolongo wa mikono mitano.

Kununua gari ukijua lina kasoro ya umiliki kwa sababu bei ni nzuri. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, na bei ya chini kupita kiasi ni moja ya mambo ambayo upande wa mashtaka huyatumia kuonyesha kwamba mnunuzi alijua au alipaswa kujua.

> KISANDUKU: KWA ANAYEUZA
>
> Gari lililouzwa bila kuhamishwa jina linaendelea kukufuata. Faini zitasoma kwako. Likigonga mtu au likibeba magendo, mlango wa kwanza kubishwa ni wako. Mlazimishe mnunuzi mwende TRA, hata kama yeye hana haraka. Akigoma, mpe barua ukieleza tarehe na saa ya mauzo, na nakala yake uifikishe TRA na polisi, kisha uitunze iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mgogoro ukishafika getini

Mtu akija na kudai gari, yafuatayo ni ya kufanywa kwa mpangilio huu.

1. Usilifiche gari, usiliuze, usilikate vipuri. Aliyenunua kwa nia safi ni shahidi na ni mhanga. Akiliuza baada ya kuambiwa ni la wizi, anageuka mtuhumiwa.

2. Usimkabidhi mtu gari kwa maneno. Anayedai naye athibitishe. Hata kampuni ya mikopo yenye mkataba mkononi haina ruhusa ya kutumia mabavu. Mwelekeze polisi.

3. Polisi wakilichukua, dai hati ya ukamataji mali. Iwe na namba za gari, hali yake, vitu vilivyomo, jina na namba ya askari, kituo na namba ya jalada. Piga picha kila upande. Usitoe nakala halisi ya mkataba bila kuandikishiana.

4. Toa maelezo yako, na fungua malalamiko dhidi ya aliyekuuzia. Pata namba ya taarifa ya polisi (RB). Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Kesi ya jinai inaweza kumtia muuzaji hatiani na mahakama ikaamuru fidia, lakini usikae ukiitegemea peke yake.

5. Mwandikie muuzaji barua ya madai. Mpe siku maalumu, kwa mfano 14, arudishe bei yote. Barua ieleze tarehe ya mauzo, kiasi, na nani amelidai gari. Kama naye alinunua kwa mtu, ni kazi yake kumfuata aliyemuuzia. Usikubali kutumwa kuanzia mwanzo wa mlolongo.

6. Nenda mahakama inayostahili. Madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mambo huendeshwa kwa Kiswahili na gharama ni ndogo. Zaidi ya hapo, mpaka milioni 200 kwa mali inayohamishika, ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kama gari lipo hatarini kuuzwa kabla ya hukumu, omba zuio la muda.

7. Dalali wa mahakama akikamata gari kwa deni la mtu mwingine, kimbilia mahakama iliyotoa amri. Fungua maombi ya pingamizi ukionyesha kwamba ulilinunua na ulikuwa unalimiliki kabla ya ukamataji. Wasilisha mkataba, risiti za benki, bima, risiti za matengenezo. Fanya hivyo kabla ya mnada. Gari likishauzwa kazi inakuwa nzito mara mbili.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikae nyumbani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na huduma yao ni bure. Ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri, iwe Manispaa ya Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere, ni mahali pazuri pa kuanzia kuwaulizia.

Kama tayari unaendesha gari lenye jina la mtu mwingine

Wasomaji wengi wa ukurasa huu huenda wako hapa: gari lipo, mkataba upo, mwaka wa tatu huu, hakuna aliyelalamika. Ukimya huo usiuchukulie kama hati. Mtafute mwenye jina sasa, wakati bado yu hai na anakumbuka aliuza.

Anza kwa aliyekuuzia, umwombe akupeleke kwa aliyemuuzia yeye, kila mmoja aandike tamko lenye tarehe, bei na sahihi. Ukimfikia mwenye jina, mgharamie usafiri mwende pamoja TRA. Nauli ya mtu kutoka Mbeya ni ndogo kuliko kesi yoyote. Akiwa amefariki, tafuta msimamizi wa mirathi yake aliyeteuliwa na mahakama, asaini yeye. Akiwa hapatikani, au anataka kulipwa mara ya pili, kusanya matamko hayo yote na stakabadhi zako, ufungue shauri la kuomba mahakama itamke kwamba wewe ndiye mmiliki na iamuru usajili ubadilishwe. Nenda na vitu hivi: kadi halisi, mikataba ya kila mkono uliopita, kumbukumbu za benki au za simu za malipo, bima za miaka yote uliyolitumia, picha ya namba ya chesisi, na majina ya mashahidi walio tayari kufika mahakamani.

Mpaka amri hiyo itoke, usiliuze gari hilo kwa mtu mwingine.